Meli ya kuchoronga haijafika bado: anza na kalenda ya wavuvi

Vijana wawili waliotoka chuo mwaka huu na kuingia kazi za tathmini ya mazingira walinipigia simu wiki iliyopita. Walitaka kujua kisima cha utafutaji wa gesi baharini kinaanza kupangwa wapi ili bahari isije ikaumia. Tuliongea mpaka salio likakata. Nimeona bora niyaandike, kwa sababu yanawahusu pia viongozi wa BMU, vile vikundi vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi na fukwe, na wenyeviti wa vijiji kuanzia Msimbati mpaka Songosongo.

Nimefanya kazi hizi Mtwara na Lindi tangu 2011, wakati vitalu vya kina kirefu, yaani maeneo ya bahari waliyopewa kampuni kutafuta gesi, vilikuwa vimechangamka. Pweza, kisima cha kwanza cha mfululizo ule, kilichorongwa 2010. Baadaye zikaja Chewa, Jodari, Mzia, na upande wa Kitalu namba 2 zikaja Zafarani, Lavani, Tangawizi. Zafarani ilichorongwa 2012 kwenye maji ya kina cha zaidi ya meta 2,500. Majina matamu, ya samaki na viungo vya jikoni. Lakini wanawake wanaotafuta pweza wenyewe pale ufukweni hawakuwamo katika ripoti ya kwanza niliyoshiriki kuiandika, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ilikuwa hivi. Timu yetu ilikuja Julai, upepo wa kusi ukivuma, tukakaa siku sita. Kila asubuhi saa nne tulikuwa kijijini na fomu zetu. Maji yamejaa, ufukwe mweupe, mitumbwi michache imepandishwa juu. Tukaandika kwamba matumizi ya ufukwe ni madogo. Tuliporudi Novemba kuwasomea wanakijiji muhtasari, tulikaa chini ya mwembe, migongo yetu ikielekea baharini. Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono. Akaniambia, "Mwanangu, hebu geuka." Nikageuka. Maji yalikuwa yametoka mbali sana, na huko juu ya mwamba na nyasi za bahari kulikuwa na wanawake na watoto kama sitini, wengine wakivua kwa kutanda khanga, wengine wameinama na vyuma vyao wakichokoa pweza kwenye matundu. "Leo bamvua," akasema. "Nyinyi mlikuja maji mafu. Mlihesabu nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kwa pwani yetu, siku za bamvua, mwezi unapoandama au kupevuka, maji hukupwa sana asubuhi hiyohiyo ya saa nne na saa tano, na wiki ya maji mafu mwamba hauonekani saa hizo. Yeyote aliyezaliwa pale analijua hilo tangu utotoni. Sisi tulipanga safari kwa kufuata nafasi za ndege na hoteli. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa wale vijana ulikuwa huu: kabla hujafungua ramani ya kitalu, kaa na manahodha na akina mama mchore kalenda. Bamvua na maji mafu. Pepo za kusi na kaskazi, na maleleji katikati yake. Nani anakuwa wapi, na chombo gani, anavua nini. Halafu uliza habari za dago. Wavuvi wetu wanahama, wanakwenda kupiga kambi Songosongo, Kilwa, Mafia, wengine miezi mitatu. Ukienda kijijini kwao wakati wako dago, utawakuta wazee na watoto, na ripoti yako itasema kijiji hakina wavuvi wengi. Ukienda kule dago baada ya wao kuondoka, utakuta majivu ya moto na vibanda vya makuti. Mara zote mbili umewakosa.

Kalenda hiyo inatakiwa imfikie anayepanga kisima wakati tarehe bado zinafutika. Hapa vijana wengi hawaelewi jinsi mambo yanavyokwenda ofisini. Meli ya kuchoronga kwenye kina kirefu hukodishwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku, na mkataba wake huandikwa miezi mingi kabla. Ukishaandikwa kwamba meli itoke nchi fulani tarehe fulani ije Mtwara, hakuna nyangumi wala mvuvi atakayeisogeza. Nimeshaona tathmini nzuri kabisa, imepita Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, cheti kimetoka, masharti yameandikwa vizuri, lakini msimu ulikuwa umeshachaguliwa na watu wa manunuzi. Kwa hiyo ukiajiriwa, kwenye kikao cha kwanza uliza: mkataba wa meli unasainiwa lini? Kazi yako halisi ina muda mpaka siku hiyo.

Msimu gani basi? Hakuna mwezi usio na gharama, na anayekuambia upo anakudanganya. Nyangumi wa nundu wanapita kwetu na watoto wao kati ya Julai na Oktoba hivi. Papa potwe wanakusanyika Mafia kuanzia Oktoba mpaka Machi. Kaskazi bahari inalainika na mitumbwi inatoka mbali zaidi, kwa hiyo wavuvi na meli wanakutana. Mimi bado nasimama upande wa kaskazi: kazi ianze Novemba na iishe kabla ya Machi kwisha. Sababu yangu ni moja. Vifaa vyote vya kuzoa mafuta juu ya maji, zile nyuzio za kuelea na mashine za kunyonya, zinafaa kwenye bahari tulivu. Nimewahi kushiriki zoezi la kutandaza uzio huo mwezi wa Agosti karibu na lango la bandari. Mawimbi ya kusi yaliurukia juu kama mtoto anavyoruka kamba, na mkondo ukaukunja. Bahari ile ingekuwa na mafuta, yangepita. Kugongana na wavuvi wakati wa kaskazi kunaweza kupangwa kwa njia na ratiba; bahari ya Agosti haipangiki. Na usivuke Machi kwenda Aprili na Mei kwa kujiamini, kwa sababu Kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, jirani kabisa na sisi, na Hidaya kikatufikia wenyewe Mei 2024.

Chukua penseli sasa, hesabu hii ni ya dakika mbili. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi linausukuma zaidi. Tuuweke kwenye noti 2 tu, yaani maili mbili za baharini kwa saa, ingawa hufika zaidi ya hapo. Noti 2 kwa saa 24 ni karibu kilomita 90. Kutoka usawa wa Mtwara mpaka usawa wa Kilwa Masoko ni kama kilomita 150, mpaka Mafia kama 260. Maana yake kitu kinachoelea kinaweza kufika Kilwa siku ya pili na Mafia siku ya tatu. Na njia nzima hiyo ni mikoko ya Rufiji, zaidi ya hekta 50,000, ni miamba ya Songosongo, ni Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa 1995. Rufiji, Mafia na Kilwa kwa pamoja zimo kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2004.

Halafu uliza kofia ya kufunikia kisima iko wapi. Kwenye mlipuko wa kisima cha mafuta cha Macondo, Ghuba ya Meksiko, Aprili 2010, watu 11 walikufa na kisima kilimwaga mafuta siku 87. Tangu hapo kampuni zimeweka kofia kubwa za chuma kwenye vituo vichache duniani, na cha karibu nasi kiko Saldanha, Afrika Kusini. Kutoka Saldanha mpaka Mtwara meli ya mizigo inahitaji wiki moja na ushee baharini, bado hujahesabu kupakia na kutafuta meli yenyewe. Weka siku hizo pembeni ya zile siku tatu za Mafia. Mpango wa dharura unaosema tu "kofia itaagizwa" haujapangwa. Mpango wenye maana unasema nani analinda mlango upi wa mikoko siku ya kwanza, kwa boti ya nani, vifaa vikiwa vimehifadhiwa ghala gani, na dawa za kusambaza mafuta zimekatazwa wapi. Karibu na matumbawe na maji ya kina kifupi mimi nazipinga.

Kwenye mikutano utasikia, "Ndugu zangu msihofu, hii ni gesi tu." Ni kweli kwamba gesi iliyopatikana kwetu ni kavu na haiachi utando mweusi ufukweni. Lakini kisima cha utafutaji kinaitwa hivyo kwa sababu hujui utakachokuta. Tena meli ya kuchoronga na zile zinazoihudumia zinabeba dizeli nyingi sana, na dizeli ikimwagika kwenye nyasi za bahari haina mjadala. Sipendi kuwatisha watu na sipendi kuwalaza. Waelezwe yote mawili kwa wakati mmoja, watu wazima wanaelewa.

Kitu kingine kinachosahaulika ni chenga za mwamba. Mchorongaji mmoja aliwahi kunitilia kiganjani chenga zilizotoka chini, za kijivu, laini kama unga wa dona uliolowa, zikinukia kitu kama mafuta ya taa kwa mbali. Kazi inapoanza, sehemu ya juu ya kisima huchorongwa bila bomba la kurudisha melini tope, yale majimaji mazito ya kuchorongea, kwa hiyo chenga zinatua palepale sakafuni mwa bahari. Baadaye bomba likishafungwa, tope na chenga vinapanda juu, vinachujwa, na hapo ndipo pa kuuliza maswali. Tope lina maji au mafuta ya kutengenezwa viwandani? Chenga zinakaushwa mpaka zibaki na mafuta kiasi gani kabla ya kumwagwa? Nani anapima, na kipimo kinaonyeshwa kwa nani? Kabla ya yote, kamera ishuke kwanza ione kilichopo sakafuni. Kuhamisha kisima meta mia chache kukwepa matumbawe ya kina kirefu ni rahisi kikiwa bado kwenye karatasi.

Niwaeleze na wanavijiji jambo moja ambalo ripoti hazilisemi kwa sauti. Kisima kiko mbali, pengine kilomita 100, na mvuvi wa ngalawa hafiki huko. Bandari ndiyo iko kwenu. Kila siku boti za huduma zinatoka Mtwara na kurudi, usiku na mchana, zikikata katikati ya maeneo ya nyavu za jarife. Mwaka mmoja mzee alikuja ofisini kwetu amekumbatia kipande cha wavu kilichokatwa safi kama kwa mkasi. Alipewa fomu ya madai yenye kurasa nne, ya Kiingereza, inayotaka risiti ya dukani. Jarife lile alilisuka mwenyewe na mwanawe kwa miezi. Alirudi mara tatu, akaacha kuja. Kampuni ile ilikuwa na sera nzuri ya fidia kwenye makabrasha, na ninaamini walioiandika walikuwa na nia njema, ila hawakuwahi kumuuliza mtu anayesuka wavu.

Kwa hiyo kabla meli haijafika, njia ya boti ichorwe na manahodha wawepo, saa za kupita zitangazwe misikitini na sokoni, fomu iwe ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, na bei ya wavu ikubaliwe mapema mbele ya serikali ya kijiji. Mlipaji awekewe siku za mwisho. Na wenyeviti, nawaomba: karatasi ya mahudhurio iandikwe juu yake kwamba ni ya mahudhurio. Nimeona sahihi za watu waliokuja kunywa soda zikibandikwa kama ushahidi wa kuridhia.

La mwisho ni daftari. Agosti 2009 kisima cha Montara, kwenye Bahari ya Timor upande wa Australia, kililipuka na kuvuja zaidi ya miezi miwili. Ng'ambo, Indonesia, wakulima wa mwani wakaona zao lao linageuka jeupe na kufa. Wenye kisima wakasema mafuta hayakufika huko. Wakulima walifungua kesi Sydney 2016, wakashinda 2021, na malipo yakakubaliwa Novemba 2022, dola za Australia milioni 192.5. Miaka 13. Sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa ni nini kilikuwepo kabla, kilo ngapi, wapi, kwa nani.

Wakulima wa mwani wa kwetu hawatofautiani nao. Ndiyo maana kila kijiji ninachofika sasa naacha daftari la kurasa mia mbili kwa katibu wa BMU, tunalipiga mistari pamoja: tarehe, bamvua au maji mafu, chombo, aina, kilo, bei, jina la anayeandika. Yule mama aliyeniambia nigeuke ndiye anayeandika la kijijini kwao. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa kwenye daftari la tatu, na safu ya pweza alikuwa ameigawa mara mbili bila kuambiwa na mtu, waliotolewa na wanawake kwenye mwamba, na waliotolewa na wanaume kwa kuzamia.