Mzee anakojoa kwa kujikamua na ana uvimbe kinenani

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 71, ni mkulima wa korosho hapa Newala. Kwa mwaka mzima sasa huamka mara nne au tano usiku kwenda kukojoa, na mkojo hautoki mpaka ajikamue. Mwezi uliopita alitokwa na uvimbe kinenani, upande wa kulia, ambao huonekana akisimama na kupotea akilala. Majirani wanasema ni busha. Je, maradhi haya mawili yanahusiana?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba, na mpe pole mzee. Uvimbe unaopotea mtu akilala kwa kawaida ni ngiri, yaani utumbo unaojitokeza kupitia sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Busha, ambalo sisi watu wa Kusini tunalifahamu sana kwa sababu ya minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, na kwa kawaida hayaondoki kwa kulala.

Uhusiano upo. Tezi dume iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo, hivyo inapokua huubana, na mzee hulazimika kuzuia pumzi na kukaza tumbo kila aendapo chooni. Msukumo huo, ukirudiwa usiku na mchana kwa miezi mingi, huusukuma utumbo kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo, na kwa mwanamume sehemu hiyo ni kinena, inamopita mishipa iendayo kwenye korodani. Misuli iliyolegea kwa umri, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu na kubeba magunia ya korosho huchangia pia.

Muulize mzee, kwa faragha maana wengi huona haya: je, uvimbe hupungua akishakojoa, au humbidi aubonyeze ndipo mkojo umalizike? Mara chache kibofu chenyewe huingia ndani ya ngiri, na daktari wa upasuaji anapaswa kulijua hilo kabla ya kushika kisu.

Nasisitiza kwamba tezi ichunguzwe kabla ya ngiri kushonwa. Mzee mwenye tezi iliyobana anaweza kushindwa kabisa kukojoa baada ya upasuaji, akawekewa mpira wa kutolea mkojo, na akiendelea kujikamua ngiri inaweza kurudi. Wengi hupata nafuu kwa dawa kama tamsulosini. Wachache huhitaji upasuaji wa tezi. Akubali pia tezi kupimwa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na kupimwa damu, kwa kuwa kukua huku si saratani, lakini dalili zake hufanana na za saratani ya tezi.

Ngiri ndogo isiyouma inaweza kusubiri vipimo hivyo. Lakini uvimbe ukiwa mgumu, ukauma na kukataa kurudi, au mzee akatapika, au mkojo ukakata kabisa, msiukandamize uvimbe wala msingoje kupambazuke. Mpelekeni saa ileile hospitali ya wilaya, kwa kuwa safari ya kwenda hospitali ya mkoa ya Ligula, Mtwara, ni ndefu na utumbo ulionyongwa huweza kuoza ndani ya saa chache.