Kukopi kwa spidi hakuui besi

Msomaji mmoja wa Kiboriloni ameniuliza: "Kaka, ni kweli nyimbo zikirushwa haraka kwenye flashi, besi inapungua?" Nilicheka, halafu nikanuna. Swali hilohilo liliwahi kuninyima mkate hapa Moshi.

Ilikuwa kuelekea Krismasi. Wachaga wanarudi nyumbani, na kila kwaya inataka albamu yake iuzwe kabla ya sikukuu. Kwaya moja niliirekodi vizuri, na miksi yake najivunia mpaka leo, hasa wale akina baba wa besi. Nikaanza kuchoma CD kwa spidi ya 48, yaani hadi mara 48 ya kasi ya kuisikiliza. Mzee mwenyekiti akaingia, akaona sahani inatoka baada ya dakika chache, akaenda kutangaza kwamba nimeunguza sauti zao. Albamu ya pili wakaipeleka Arusha. Baadaye nikaambiwa alichokuwa akisikiliza kwenye gari ni MP3, faili la sauti lililobanwa, tena ya kilobiti 128 tu kwa sekunde, aliyotengenezewa na mpwa wake! Kuniomba radhi? Hakuna.

Imani hii ni ya enzi za kaseti. Mkanda ukikopiwa kwa kasi, sauti nyembamba za juu zilififia kweli. CD ni namba: sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila moja, kulia na kushoto. Namba hufika ilivyo au hufika na kosa, haifiki imechoka. Sahani za bei poa zikichomwa mbiombio makosa huongezeka, nakubali, ndiyo maana hizo nazishusha hadi spidi ya 16. Ila makosa yakiishinda pleya utasikia kukwaruza au wimbo kuruka, au sahani itagoma kabisa. Besi peke yake haitoroki.

Kwenye flashi ndiyo usiseme. Subiri kukopi kuishe, toa flashi kwa utaratibu, basi. Ukiwa na wasiwasi angalia ukubwa wa faili: WAV (faili lisilobanwa) ya stereo yenye ubora wa CD ni kama MB 10 kwa dakika, MP3 ya 128 ni kama MB 1. Hapo kwenye kubana ndipo sauti inapotupwa, na hata ubane polepole kama kinyonga, haitarudi.

Vijana wenzangu wa studio, tuache woga wa kuwaelimisha wazee. Tunza WAV zako, usibishane. Mimi sasa mteja akilalamika namchezea masta (rekodi ya asili) na nakala bila kumwambia ipi ni ipi. Akishindwa kuzitofautisha, anamalizia deni lake.