Wingu la gesi linalokataa kuzimika

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini wingu lako la gesi bado linang'aa wekundu wakati nyota zake zina miaka milioni 10, na hesabu zinasema zile kubwa kabisa zimeshakufa. Tatizo ni kwamba umehesabu kila nyota kana kwamba inaishi peke yake.

Nyota nzito nyingi huzaliwa mbili mbili. Moja ikivimba, jirani huinyonya gesi. Iliyonyonywa hubaki kiini kitupu cha heliamu, chenye joto kali, kikimwaga urujuanimno, yaani mwanga mkali usioonekana kwa macho (ultraviolet). Iliyopokea huongezeka uzito na kung'aa kama kijana tena. Urujuanimno huo hung'oa elektroni kwenye hidrojeni, na zinaporudi ndipo tunapata ule wekundu wa nanomita 656.3. Kwa hiyo usipime umri kwa wekundu pekee.

Rudia hesabu kwa BPASS, modeli ya kompyuta ya wanaastronomia Eldridge na Stanway inayohesabu nyota zikiwa mbili mbili; data zake ni za bure. Na Januari, pandeni Ngong mkiwa kundi, mbali na taa za Nairobi, mtazame upanga wa kundinyota la Orion kwa darubini ndogo. Doa lile la ukungu nalo ni wingu la gesi, na huwashwa hasa na nyota nzito Theta1 Orionis C, nayo ina nyota mwenzake.