Fundi Anajibu: Gari inazima mchana, ikipoa inawaka

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Chake Chake na nasomesha skuli moja Mkoani. Gari yangu ni Corolla 100 ya mwaka 1993, injini 5A, gia otomatiki. Tangu kaskazi ianze inanizimia njiani, aghalabu mchana nikiwa narudi, nikishafika maeneo ya Mtambile. Haikohoi wala haishtuki. Inazima mara moja tu na taa za dashibodi zinawaka. Nikipiga starta injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Nikingoja kama robo saa inawaka, naondoka. Asubuhi haijawahi kunifanyia hivyo. Nimeshabadilisha plagi, filta ya petroli na pampu ya mafuta. Sasa fundi ananiambia ninunue kontroboksi, ile kompyuta ya injini, na mwengine kasema nitafute injini nzima. Ninunue kipi?
Mwalimu, Chake Chake

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue chochote kwanza.

Injini inayowaka kila asubuhi ikakufikisha Mkoani si ya kutupwa. Iliyochoka inakula oili, inatoa moshi, mlimani haipandi, na wewe hukutaja hata kimoja katika hayo. Kontroboksi nayo huharibika, lakini ni ya mwisho kushukiwa. Linaloniuma ni kwamba umeshanunua vitu vitatu na hakuna fundi hata mmoja aliyeitazama gari yako ikiwa imezima. Ikifikishwa gereji imeshapoa, inawaka, basi fundi anabahatisha na mwalimu analipa.

Maelezo yako ni mazuri sana, na mimi nayashika hayo hayo. Gari iliyokosa petroli kwa kawaida hufa polepole: unakanyaga haiendi, inashtukashtuka, ndipo inazima. Yako inakatika kama taa iliyozimwa kwenye swichi. Gari ya namna hiyo mara nyingi imepotelewa na umeme. Na kwa kuwa inazima ikiwa na moto na ikipoa inawaka, mimi macho yangu yanakwenda kwenye distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi.

Distributa ya 5A imefungwa kwenye silinda hedi, kwa hivyo joto lote la injini inalipata. Ndani yake mna koili ndogo za waya mwembamba sana. Kazi yake ni kuiarifu kontroboksi kwamba injini inazunguka, na kwa kasi gani. Waya huo ukizeeka hukatika kwa ndani. Ukiwa baridi ncha zinagusana, ukipata moto zinaachana. Hapo kontroboksi inaona injini imesimama: inaacha kutoa cheche, na relei (swichi ya umeme) ya pampu inaachia, petroli nayo inakatika. Ndiyo maana pampu mpya haikukusaidia kitu. Kwenye Corolla nyingi za umri huo ignaita (swichi inayoiamrisha koili) na koili kubwa (inayozaa umeme wa cheche) nazo zimo humo humo ndani ya distributa, na ignaita nayo husumbua ikipata joto.

Haya ni makisio yangu nikiwa huku Unguja. Ushahidi utaupata wewe mwenyewe, katika ile robo saa unayokaa ukingoja. Weka kwenye gari plagi moja nzima, koleo yenye mpini wa mpira, na watu wawili wa kukusaidia siku hizi mbili tatu. Gari ikizima, iegeshe pembeni, kisha fungua ufunguo bila ya kupiga starta. Taa ya injini iwake. Isipowaka kabisa, kontroboksi yenyewe haipati umeme, na hapo tazama fyuzi ya EFI (mfumo wa petroli unaoendeshwa na kontroboksi), relei kuu na swichi ya ufunguo. Relei za zamani lehemu yake ndani hupasuka, zikipata joto zinaachia.

Taa ikiwaka, chomoa waya mmoja wa plagi kwenye injini, uchomeke ile plagi ya akiba, uishike kwa koleo chuma chake kikiwa kimegusa chuma cha injini, halafu mwenzako apige starta kidogo. Ukisikia harufu ya petroli iliyomwagika usifanye jaribio hili. Cheche ionekane ya buluu, yenye nguvu. Wakati huo huo mtu mwengine afungue mfuniko wa tanki na kutega sikio: kwenye Toyota hizi pampu huvuma starta inapopigwa, ukifungua ufunguo tu haivumi. Cheche ipo na pampu iko kimya, rudi kwenye upande wa mafuta, na uanze na relei na waya wa pampu, maana pampu ni mpya. Pampu inavuma na cheche hakuna, shika upande wa distributa: ignaita, koili kubwa au zile koili ndogo. Vyote viwili havipo, basi huenda ni zile koili ndogo za distributa, au waya zake zinazokwenda kontroboksi.

Jengine, na hili mwambie fundi kabla hajagusa spana: asichomoe betri. Gari yako ina kumbukumbu. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye mfuniko, ndani mna matundu yenye alama. Aunganishe TE1 na E1 kwa kipande cha waya, afungue ufunguo, ahesabu jinsi taa ya injini inavyokonyeza. Moja, kituo, kisha tatu, hiyo ni 13. Namba 12 na 13 zinasema habari za mzunguko hazifiki, na 14 inaelekeza kwenye ignaita. Akichomoa betri, au akitoa fyuzi ya EFI, yote yanafutika. Ikikonyeza mfululizo bila ya kusita, hakuna kosa lililoandikwa, lakini usiiondolee distributa shaka kwa hilo peke yake.

Kisha afungue mfuniko wa distributa. Akikuta oili ndani, sili imekwisha. Akikuta unga mwekundu wa kutu na shafti inacheza ukiitikisa, beringi imekwisha. Kila koili ndogo aipime kwa mita ikiwa baridi, halafu aipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele huku mita ikiwa imeunganishwa. Namba ikipanda kidogo ni kawaida. Ikipotea kabisa, umeshapata ugonjwa wako. Distributa ya mtumba ni sawa kuinunua, mradi ipimwe hivyo hivyo kwa moto kabla hujatoa pesa, na plagi ya waya zake ifanane na ya zamani.

Na kwa kuwa gari inashinda Mkoani karibu na bahari, afungue waya za ethi (zinazorudisha umeme kwenye betri) kwenye injini na kwenye bodi, azisugue mpaka chuma king'are. Chumvi inakula pale pasipoonekana, chini ya bolti.

Mpaka itengenezwe, ikikuzimia ukiwa mwendoni usirudishe ufunguo nyuma kabisa, usukani utajifunga. Usukani utakuwa mzito lakini unageuka. Breki ina nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili, kwa hivyo kanyaga mara moja na ushikilie, usipigepige. Tia N, jisogeze pembeni, washa taa za hatari. Na kama unachukua watoto wa skuli kwenye gari hiyo, nakuomba uache kwa siku hizi.

SWALI: Fundi, Noah yangu SR40 ikisimama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe silensa, yaani mzunguko wa injini bila ya kukanyaga mafuta, inashuka mpaka gari inazima, khasa nikiwasha AC. Nikiwa mwendoni haina tatizo. Nimeambiwa nipandishe silensa kwa skrubu.
Dereva, Unguja

JIBU: Ndugu yangu, skrubu iache ilipo. Kwenye hiyo injini yako ya 3S njia ya upepo ya silensa hujaa masizi meusi, na vali yake iliyo chini ya throtoli (lango la upepo la injini) inakwama. AC ikiwaka injini inahitaji upepo zaidi na haupati. Throtoli ifunguliwe, isafishwe kwa dawa ya kabureta pamoja na hiyo vali, gasketi iwe mpya, na mpira kutoka ekilina (filta ya upepo) utazamwe kama haujapasuka mikunjoni. Silensa ikiwa bado inashuka baada ya hapo, ndipo vali ipimwe umeme.