Masika na ng'ombe wa maziwa: kabla hujauliza dawa, angalia analala wapi

Huku kwetu Rungwe, mkoa wa Mbeya, mvua haina utani, inaanza Novemba na mpaka Mei bado unayo, na Aprili ndo usiseme, nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka. Wenzetu wa Dodoma wanatuonea wivu eti majani mabichi mwaka mzima, sawa, ila njoo ufuge ng'ombe wa kisasa kwenye tope miezi yote hiyo ndo utajua. Mi nimekulia kwenye ng'ombe na sa hivi nina wangu, na kila masika zikianza wanaoanza kufuga wananiuliza nichome sindano gani, ninunue vitamini gani. Huwa nawauliza na mimi: ng'ombe wako analala wapi?

Maana mvua yenyewe haimsumbui ng'ombe kivile. Ng'ombe mkubwa aliyeshiba anavumilia baridi ya Tukuyu kuliko mimi na koti langu. Shida iko chini. Ng'ombe wa maziwa anatakiwa alale kama masaa 12 kwa siku, akilala anacheua vizuri na damu inaenda kwa wingi kwenye kiwele. Ukimuwekea tope hataki kulala, anasimama usiku kucha, asubuhi maziwa yamepungua we unamlaumu aliyekuuzia pumba. Na akizidiwa akalala hivohivo, basi chuchu zimekaa kwenye mavi na mkojo mpaka asubuhi, hapo ugonjwa wa kiwele ni swala la muda tu.

Kwaiyo anza na maji yanakotoka. Watu wanaezeka bati zuri alafu hawaweki gata, maji ya bati yote yanamwagika ukutani na kurudi ndani, na sisi huku tuko kwenye miteremko, maji ya shamba la juu nayo yanapitia bandani. Chimba mfereji upande wa juu wa banda, chimba kiangazi, usisubiri udongo umelowa. Sakafu ya zege ni nzuri ila isiwe laini kama ya sebuleni, ng'ombe atateleza avunjike nyonga, fundi aichane chane kabla haijakauka, na iteremke sentimita 2 au 3 kwa kila mita ili mkojo utoke wenyewe. Hela haitoshi? Piga zege pale anapokula na kukamuliwa tu, kwingine panga mawe na moramu ushindilie. Mimi ningekushauri hivyo kuliko kununua ng'ombe wa pili, kweli kabisa.

Matandiko tunatumia maranda, majani makavu ya migomba, au pumba za mpunga kutoka Kyela, ila jaza stoo Oktoba maana masika kila mtu anayatafuta na yanayopatikana yamelowa. Ukitaka kujua kama pako sawa, piga goti pale anapolala ukae kidogo. Goti likilowa, badilisha. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho.

Kwato zinalainika zikikaa kwenye maji, kijiwe kidogo tu kinachoma, uchafu unaingia, unaona anachechemea na katikati ya kwato panavimba na kunuka. Kata kwato kabla ya mvua, na weka beseni au kadimbwi ka mrututu (kopa salfeti, ile dawa ya bluu) pale anapopita, gramu 50 kwa lita moja ya maji, kwato zioshwe kwanza maana mrututu ukichanganyika na mavi hauna kazi tena. Kondoo wasiyanywe hayo maji, yanawaua.

Kwenye kukamua sina mengi. Kila ng'ombe na kitambaa chake, kausha chuchu kabla hujaanza, maziwa ya kwanza kamulia kwenye kitambaa cheusi uone kama kuna mabonge, ukimaliza chovya chuchu kwenye dawa. Alafu mpe chakula BAADA ya kukamua, sio kabla, ili asimame kama nusu saa matundu ya chuchu yajifunge ndo alale. Ukishachoma sindano maziwa usiyapeleke kituo cha kukusanyia maziwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, wakiyapima wakikuta dawa wanamwaga, na hata wasipopima, kuna mtoto atayanywa.

Kupe sasa. Mtu anakwambia ng'ombe wangu hatoki bandani, kupe watatoka wapi, wanatoka kwenye hayo majani unayomkatia bana. Kupe anayeleta ndigana kali, ile homa inayoua ng'ombe, anapenda sana sikioni, kwaiyo ukipulizia dawa mgongoni tu ukaacha ndani ya masikio na chini ya mkia umejifurahisha. Pulizia kila wiki, chagua saa ambayo mvua haipo na mfunge mahali pakavu mpaka dawa ikauke, mvua ikimpiga palepale inaisafisha yote. Nunua themomita hata ile ya kawaida ya duka la dawa. Ikisoma zaidi ya 40 na tezi za chini ya sikio au mbele ya bega zimevimba, usimchome tetra (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) ukasubiri kesho, tetra haiponyi ndigana kali. Ita daktari wa mifugo siku hiyohiyo, dawa yake ni ghali na inafanya kazi ukiwahi. Chanjo yake ipo pia, ndama akichanjwa mara moja inamtosha.

Chakula kinadanganya masika. Matete machanga ya mvua sehemu kubwa ni maji, ng'ombe anajaza tumbo ila ndani hamna kitu na kinyesi kinakuwa uji. Kata jana ulishe leo yakiwa yamenyauka, ongeza mabua ya mahindi. Pumba ikiota ukungu usimpe, sumukuvu inapita mpaka kwenye maziwa.

Kitu kingine watu wanakipuuza ni mimba kutoka. Mvua zikizidi sana, kama za El Niño ya 1997/98 au zile za mwishoni mwa 2006, mbu wanajaa na homa ya Bonde la Ufa, inayotupisha mimba na kuambukiza hata watu, inaweza kuja, mwanzoni mwa 2007 iliua watu Kenya na hapa Tanzania. Ng'ombe wako akitupa mimba usishike kwa mikono mitupu, vaa glavu, ifukie kwenye shimo refu, mwambie bwana mifugo.

Na hayo majani mengi yasiishie kuoza shambani, yavundike shimoni yawe saileji, chakula cha kiangazi. Mei mvua zikikatika kwa siku mbili tatu, kata matete yakiwa yanakufika kiunoni hivi, yanyaushe, katakata vipande vidogo, nyunyizia molasi iliyochanganywa na maji, shindilia mpaka hewa yote itoke, kanyageni hata na watoto, alafu funika nailoni nzito na udongo juu. Shimo lichimbwe mahali palipoinuka maana maji yakiingia umetengeneza mboji. Baada ya mwezi hivi inaliwa, ila ikikaa imefunikwa vizuri ifungue Septemba, majani yakiwa magumu na jirani anahangaika na magunzi, na ukishafungua chota upande mmoja tu, ufunike tena.