Maswali yenu: kijana anavutwaje mpaka anaingia ugaidi?

Mwakeye jamani. Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu vijana kuingia makundi ya msimamo mkali, nimechagua manne.

*Si ni kusoma dini kupitiliza? (Ujiji)*

Aaah wapi, mara nyingi ni kinyume. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ripoti yao ya 2017 walihoji mamia ya watu waliowahi kujiunga na hayo makundi Afrika, asilimia 57 wakakiri maandiko wanayajua kidogo au hawayajui kabisa. Aliyekaa madrasa miaka ana cha kujibu, asiyejua ndo anapigwa na kipande cha aya.

*Basi ni njaa tu. (Kibirizi)*

Njaa imo, ripoti yao ya 2023 robo ya waliojiunga kwa hiari walisema walifuata ajira. Ila kule Garissa, Kenya, 2 Aprili 2015, al-Shabaab walipovamia chuo kikuu wakaua watu 148, mmoja wa washambuliaji alikuwa kamaliza sheria chuo kikuu na babake chifu. Na nyie hapo mwaloni mbalamwezi ikiwaka dagaa hamna, mnalala na chai kavu, mbona hamjaenda popote?

*Sasa kinachowasukuma ni nini? (Kasulu)*

Hapa ndo penyewe. Ile ripoti ya UNDP ya 2017, asilimia 71 walisema kilichowamalizia ni kitendo cha serikali, mfano ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Sasa mtu ana donge hilo, nyumbani hasikilizwi, kijiweni anachekwa, anatokea jamaa mpole anamwita mdogo wangu, anamrushia vocha, anamsikiliza usiku kucha na wala hataji vita, anakuja na mchongo wa kazi mbali na nauli juu. Siasa na jihadi zinakuja baadae, dogo ashawaacha marafiki wote kabaki na huyo mmoja, kukataa inakuwa kama kumsaliti kaka. Mi naona tunahangaika sana na mahubiri wakati mlango ni urafiki.

*Mdogo wangu anajifungia na simu, kafuga ndevu, nimpeleke polisi? (Mwanga)*

Dada, ndevu achana nazo, hata mjomba wangu anazo. Angalia kama kakata marafiki wa zamani, ana hela au safari haielezeki, au anaongelea watu wengine kama wadudu. Simu usimnyang'anye, atanunua nyingine ya siri. Muulize nani kamuudhi, af nyamaza umsikilize, mtafutie na mtu anayemheshimu hata kama ni kocha wake. Akishataja kuondoka au kuua hapo usisubiri, nenda kaseme polisi waziwazi.