Mazda yenye rangi mpya nyeusi chini: nikague nini kabla ya kulipa?

SWALI: Bwana fundi, jambo. Niko hapa Lubumbashi, komuni ya Kampemba. Nimepata Mazda MX-5 ya mwaka 2001, nyekundu, injini ya 1.8, paa la turubai. Komisioneri, yaani dalali, anasema imepitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, na haijamaliza mwaka hapa. Chini imepakwa rangi nyeusi mpya kabisa, anasema ni kinga ya kutu. Asubuhi nilikuta tone la oili chini ya injini, dogo kama kifuniko cha chupa. Rafiki zangu wananiambia gari haziozi huku kwetu kwa sababu kiangazi ni kirefu. Hizi pesa nimezikusanya miaka mitatu. Nikague nini?

JIBU: Mdogo wangu, mimi lile tone halijanitisha. Kilichonitisha ni hiyo rangi nyeusi. Tone la oili naweza kulifuata mpaka linapotoka, nikakuambia ni gasketi gani na kazi yake ni ya saa ngapi. Rangi mpya chini ya gari ya zaidi ya miaka 20 ni jambo jingine. Mtu anayekinga gari yake kwa nia njema anaondoa kutu kwanza, anapaka, halafu anaendelea kuitumia. Anayepaka wiki ya kuuza, mara nyingi amepaka juu ya kutu na tope, na ukikwangua kwa ukucha rangi inatoka kama ganda la kitunguu, na chini yake kuna unga wa kahawia. Fanya hivyo sehemu tatu nne ukiwa na tochi. Muuzaji akikukataza kugusa rangi yake, rudi nyumbani.

Rafiki zako wana nusu ya ukweli. Lubumbashi haina bahari, barabara zetu hazimwagwi chumvi, na kuanzia Mei hadi Septemba mvua karibu haipo. Lakini hiyo gari haikukulia hapa. Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na Japani wanafanya vivyo hivyo kwenye maeneo ya theluji kama Hokkaido. Chumvi inaingia kwenye mikunjo ya chuma na kubaki humo, na kila Novemba mvua zetu zinaporudi inapata maji ya kuendelea na kazi yake.

Kwa hiyo tafuta kwanza gari imeishi wapi. Fungua boneti, soma namba ya chasi kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Ikianza na JMZNB, ilitengenezewa soko la Ulaya. Ikiwa ni NB8C, ni ya Japani, ambako gari hii waliiuza kwa jina la Roadster, na hiyo 8 inamaanisha 1.8. Ukikuta NB6C, ni injini ya 1.6, na hapo komisioneri amekudanganya au hajui anachouza. Kama ni ya Japani, omba karatasi ya mnada iliyouziwa huko. Ina mchoro wa gari wenye herufi: S ni kutu, C ni chuma kilichoanza kuliwa, W ni bodi iliyogongwa ikanyooshwa, na tarakimu inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa tatizo. Linganisha namba ya kwenye karatasi na ya kwenye chuma, kwa sababu karatasi za kughushi zipo.

Sasa lala chini. Vaa nguo za kazi, beba tochi, bisibisi kubwa, sumaku iliyofungwa kitambaa laini, kikombe na bidoni (jerikeni) ya maji. Mahali pa kwanza ni vizingiti, yaani lile boriti la chuma linalopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kwenye gari ya kawaida paa linasaidia kubeba mwili. MX-5 haina paa la chuma, kwa hiyo vizingiti pamoja na ule mfereji wa katikati ya sakafu ndivyo vinavyozuia gari isijikunje katikati. Vikioza, gari haijapoteza urembo tu, imepoteza uti wa mgongo.

Na vinaoza kwa njia ya ajabu, kutoka ndani kuja nje. Maji ya mvua yanayotiririka kwenye turubai hukusanywa na mfereji wa mpira nyuma ya viti, yakashuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, na kutoka chini ya gari mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Mirija hiyo ikizibwa na majani na vumbi, maji yanafurika na kushuka ndani ya kizingiti, yanatulia humo. Vumbi letu jekundu ni hodari sana kwa kazi hiyo. Likichanganyika na umande linakuwa udongo wa mfinyanzi.

Niliwahi kuletewa gari ya aina hii mwezi Februari. Nilipoisukuma kidogo kwa mkono, ikitikisika kwenye springi zake, nikasikia maji yanacheza ndani ya kizingiti cha kulia, tena wazi, kama bidoni iliyojaa nusu inavyosikika mgongoni mwa baiskeli. Juu rangi ilikuwa inang'aa. Nikasukuma bisibisi kwenye mkunjo wa chini, mbele ya gurudumu la nyuma, ikazama mpaka kwenye mpini, na maji ya rangi ya chai yakaanza kutoka. Mwenye gari alisimama pale hasemi kitu. Alikuwa ameilipia wiki moja kabla, wakati mvua ilikuwa imepumzika siku kadhaa. Ningetoa chochote nimwone wiki moja mapema.

Wewe unakagua wakati wa ukavu, kwa hiyo mvua iletwe na wewe. Fungua turubai nusu, tafuta tundu la mrija kwenye kona nyuma ya kila kiti, mimina kikombe kimoja polepole huku mtu mwingine akitazama chini. Maji yatoke chini mara moja, na pande zote mbili. Halafu funga turubai, mwaga bidoni nzima juu kama mvua, subiri dakika kumi, kisha bonyeza zulia nyuma ya viti na miguuni kwa vifundo vya ngumi. Usipeleke kiganja tu, maji hukaa kwenye sponji iliyo chini ya zulia. Vuta pia mikanda ya viti mpaka mwisho. Alama ya maji kwenye utepe wa chini inakuonyesha jambo ambalo zulia lililokauka juani haliwezi kukuonyesha.

Baada ya hapo gonga vizingiti kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza au kilichojazwa mastiki, ile pati ya kuzibia mashimo, kinajibu kwa sauti iliyokufa. Hapo ndipo unapopitisha sumaku: ikishika mbele halafu ikateleza karibu na gurudumu la nyuma, kuna mastiki. (Kwenye bampa haitashika popote, bampa ni plastiki, usimlaumu mtu kwa hilo.) Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote: weka kriki (jeki) kwenye sehemu yake ya nyuma chini ya kizingiti, inua taratibu, kisha fungua na kufunga mlango. Ukifunga kama kawaida, vizuri. Ukianza kukwaruza, au nafasi kati ya mlango na bodi ikabadilika, mwili unajikunja. Kama kriki yenyewe inazama kwenye chuma, shusha gari na umshukuru muuzaji kwa muda wake.

Sehemu ya pili wengi hawaijui, na ndiyo ugonjwa wa kizazi hiki cha MX-5, cha mwaka 1998 hadi 2005. Ni mihimili miwili ya mbele inayobeba injini na miguu ya mbele. Ndani yake kuna bamba la pili la kuimarisha, na kati ya mabamba hayo unyevu unakwama. Chini kuna ngao ya plastiki inayoficha yote. Omba ifunguliwe, ni boliti chache tu. Tafuta chuma kilichovimba, mkunjo uliopasuka, au kiraka kilichochomelewa. Kiraka si kosa kama kimechomelewa mfululizo kwenye chuma safi. Vile vya kushikiza nukta nne kisha mastiki na rangi juu, nimeviona vikifunguka kama bahasha. Kutu ya unga juu ya chuma kizima isikuogopeshe, brashi ya waya inaiondoa. Ukiwa chini hapo fuata pia bomba nyembamba za breki hadi nyuma. Zikiwa na magamba ya kutu, zibadilishwe kabla hujaendesha hata kwenda Likasi.

Buti usiipite haraka. Kwenye gari hii betri inakaa kwenye buti, na ya kiwandani ilikuwa ya aina iliyofungwa, yenye mrija wa kupeleka mvuke nje. Hapa mjini watu wanaweka betri yoyote ya bei nafuu bila mrija, na mvuke wa asidi unakula sakafu pole pole. Inua zulia, toa gurudumu la akiba, tazama chini ya betri. Rangi iliyojaa malengelenge na unga mweupe ni asidi. Unyevu bila unga mara nyingi unatoka kwenye mpira wa taa za nyuma, na huo ni mpira tu.

Tuje kwenye tone lako. Mwambie muuzaji mapema kwamba asiwashe gari kabla hujafika, kisha ukifika weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ameficha jinsi inavyowaka ikiwa baridi. Injini iliyooshwa ikang'aa nayo siipendi. Napenda kuikuta na vumbi lake, kwa sababu hapa kwetu vumbi jekundu ndilo fundi bora wa kutafuta uvujaji: linaganda palipo na oili na kuacha pakavu pasafi, na ukifuata utando huo kwenda juu unafika chanzo. Kama imeoshwa, iendeshe kilomita 20 mpaka ipate moto kamili, kisha weka kartoni nyeupe chini yake usiku mzima.

Asubuhi soma kartoni. Nyeusi au kahawia ni oili ya injini. Nzito yenye harufu kali ya salfa ni ya bwate, yaani giaboksi, au ya difu ya magurudumu ya nyuma, kutegemea imeangukia wapi. Majimaji ya kijani au mekundu yanayonata na kunuka utamu ni ya rejeta. Yenye umanjano mwepesi ni ya breki au klachi. Bonyeza pedali na upekue kifuniko cha mpira cha silinda ndogo ya klachi ubavuni mwa bwate, kama ndani kumelowa, imekwisha, na si ghali. Maji matupu baada ya kutumia kiyoyozi ni hali ya kawaida.

Tone likiangukia pale injini inapoungana na bwate, utaambiwa ni sili ya nyuma ya krankshafti, na ni lazima bwate ishuke. Inawezekana. Lakini kwenye injini hii gasketi ya kifuniko cha juu hupenda kuvuja kwenye kona za nyuma, oili ikashuka nyuma ya injini na kudondokea palepale. Nilipokea gari ambayo garaji moja ilishaishushia bwate mara mbili, sili mpya mara mbili, na bado inadondosha. Ilikuwa gasketi ya juu. Mwenye gari alilipa kazi ya siku mbili kwa ugonjwa wa asubuhi moja, na hilo liliniuma. Kwa hiyo anza juu: papasa nyuma ya kifuniko hicho kwa kidole, toa plagi moja uone kama kisima chake kina oili. Kama juu ni pakavu na chini panalowa, hapo ndipo uhesabu kushusha bwate. Oili ikitokea mbele ya injini, ulizia mkanda wa taimingi, maana unapolowa oili unaharibika.

Rejeta nayo itazame rangi. Tangi lake la juu ni la plastiki nyeusi, na likigeuka kahawia limekaribia kupasuka. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi. Wengi hapa wanajaza maji ya bomba, nawe utakuta ndani maji ya kutu. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kifuniko kilichochoka na maji ya bomba ni njia fupi ya kuchoma gasketi ya hedi. Ukiona moshi mweupe usioisha hata injini ikiwa ya moto, au oili iliyogeuka kama maziwa kwenye stiki ya kuipimia, achana nayo.

Kwa bei, mimi ningefanya hivi. Gasketi ya juu, silinda ya klachi, rejeta, hata sili ya nyuma: orodhesha, piga hesabu ya vipuri na kazi, uikate kwenye bei, ununue kwa amani. Kizingiti kinachopokea bisibisi au muhimili wa mbele uliovimba: usinunue hata akipunguza nusu, kwa sababu mkataji akifungua kizingiti ndipo anapokuta sakafu nayo imekwenda. Na kama muuzaji anakubali kartoni ya usiku lakini hataki ngao ya chini ifunguliwe, hesabu kwamba mihimili imeoza. Arabuni usitoe kabla ya kuiona kwa macho yako.

Nenda asubuhi na mapema, mkiwa wawili, mmoja wa kumimina maji na mmoja wa kulala chini. Ukipata namba ya chasi na picha za mihimili, nitumie kabla ya kulipa.